Sio kila ugonjwa wa breki dawa yake ni pedi

Habari zenu wadau, leo nataka tuongee breki kwa kirefu kidogo maana naona wengi wetu tunaendesha tu mpaka gari ianze kupiga kelele ndo tunakimbilia gereji, tukifika tunasema "fundi breki zangu mbovu", basi, hatuongezi neno lingine. Fundi anafungua tairi, anaweka pedi mpya, gari inaondoka na baada ya muda tatizo lile lile limerudi palepale. Na hapo huwezi kumlaumu fundi peke yake, umemwambia breki mbovu tu, hujamwambia mbovu kivipi.

Breki ni mfumo mzima jamani. Kuna pedali, kuna busta, kuna masta silinda, kuna mafuta ya breki, kuna mabomba ya chuma na hosi za mpira, kuna kalipa, pedi, diski, na nyuma kwenye magari mengi kuna dramu, yaani ngoma inayozunguka na tairi, na viatu vyake vinavyoisugua kwa ndani. Pedi ni kifaa kimoja tu kati ya hivyo vyote, kinachokwisha haraka kuliko vingine, ndo maana kila siku kinalaumiwa chenyewe. Ila kila kifaa hapo kina namna yake ya kuugua na kina namna yake ya kukupa taarifa, na taarifa inakuja mapema sana, wiki au hata miezi kabla ya siku ya hatari. Anayeipokea wa kwanza ni mguu wako, afu masikio, pua, na mikono iliyoshika usukani. Fundi anakaa na gari yako nusu saa, wewe unakaa nayo kila siku, kwa hiyo wewe ndo unatakiwa ujue imebadilika wapi.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi, kwa ufupi tu. Ukikanyaga pedali unasukuma pistoni iliyoko ndani ya masta silinda, pistoni inasukuma mafuta kwenye mabomba, mafuta hayabonyei kama hewa kwa hiyo msukumo wote unafika kwenye kalipa, na kalipa inabana pedi kwenye diski inayozunguka pamoja na tairi. Ule msuguano unageuza mwendo wa gari kuwa joto. Na joto lenyewe ni kubwa mno kwa sababu nishati ya gari inapanda kwa mraba wa mwendo, ukitoka 50 km kwa saa ukaenda 100 kazi ya breki inakuwa mara nne, na umbali wa kusimama tangu ulipokanyaga nao unakuwa kama mara nne hivi, hapo bado hatujahesabu ule muda wa wewe kushtuka na kuhamisha mguu. Afu ukifunga breki uzito wa gari unakimbilia mbele, ndo maana kwenye gari nyingi za kawaida breki za mbele zinafanya karibu asilimia 70 ya kazi yote na pedi za mbele zinaisha kabla ya za nyuma.

Sasa pedi. Pedi mpya nyingi zinakuja na unene wa kama milimita 10 mpaka 12 za ile nyenzo ya kusugua, usihesabu bati la nyuma yake. Ikifika milimita 3 ibadilishe, usianze kujadiliana nayo, maana pedi nyembamba inapitisha joto jingi kwenda kwenye pistoni na kwenye mafuta, na kutoka milimita 3 kwenda kwenye chuma ni safari fupi sana hasa kama unaendesha mjini kwenye foleni au sehemu za milima. Pedi nyingi zina kichuma kidogo kimepinda pembeni, hicho kimewekwa makusudi, pedi ikibaki nyembamba kinagusa diski na kinapiga mluzi mkali mwembamba. Mara nyingi utausikia ukitembea taratibu na wakati mwingine ukikanyaga breki unanyamaza, watu wanafurahi wanasema imeacha yenyewe! Haijaacha. Gari nyingine badala ya kichuma zina waya wa sensa unaowasha taa kwenye dashibodi, na pedi nyingine za bei rahisi hazina chochote, zinakwenda kimya mpaka bati linakutana na diski, pale ndo unasikia ule mkwaruzo wa chuma kwa chuma ambao unausikia mpaka kwenye sakafu ya gari. Ukifika hapo ujue umeshaiharibu diski pia.

Watu wengi wanachungulia pedi kupitia matundu ya rimu, ni tabia nzuri na nawapongeza wanaofanya hivyo, lakini pale unaona pedi ya nje tu. Ya ndani huioni. Na ya ndani ndo mara nyingi inaisha kwanza.

Kuna mama mmoja jirani yetu alikuja na gari yake, kila akikanyaga breki inavuta kushoto, anashika usukani kwa nguvu kuirudisha. Pedi za mbele zilikuwa zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja, na mafundi walikuwa wanahangaika na tairi la kushoto kwa sababu gari inavuta huko. Mimi nikaanza na tairi la kulia. Gari ikivuta upande mmoja wakati wa breki maana yake upande huo unashika vizuri kuliko mwenzake, kwa hiyo anayeumwa anaweza kabisa kuwa yule wa upande wa pili. Nikafungua tairi la kulia, nikachomoa pedi. Ya nje ilikuwa bado nene, akaniangalia akasema, "Mwanangu, mbona hizi bado mpya?" Nikamwambia, "Mama, ya nje ndo mpya, hebu sogea uone hii ya ndani." Ilikuwa imeliwa mshazari, juu imebaki kama milimita 4, chini chuma kinang'aa.

Shida ilikuwa pini. Kalipa za gari nyingi ni zile zinazoelea, zina pistoni upande mmoja tu, wa ndani, pistoni ikisukuma pedi ya ndani basi mwili mzima wa kalipa unatakiwa uteleze kwenye pini mbili ili uvute pedi ya nje nayo ibane. Pini zikikwama kalipa haitelezi, pedi ya ndani inafanya kazi yote peke yake na tairi lile linashika nusu nusu. Pini ya juu nilipoichomoa ilitoka kwa vidole viwili, ina grisi safi kabisa. Ya chini niliizungusha kwa koleo mpaka ikakubali, ikatoka kavu, ya kahawia, kutu mwanzo mpaka mwisho, na kile kimpira kinachoifunika kilikuwa kimechanika pembeni mpasuko mdogo ambao usingeuona kama hukukivuta. Maji na vumbi vilikuwa vinapita pale. Tukasafisha tundu, tukaweka pini mpya na kimpira kipya, grisi ya silikoni, pedi mpya pande zote mbili kulia na kushoto, diski tukaipima ikawa bado iko juu ya kiwango. Gari ikanyooka. Yaani pedi zote zile zilizowekwa kabla zilikuwa zinaliwa na kimpira kidogo kilichochanika, na hakuna aliyezichezesha pini hata kwa sekunde 10. Kwa hiyo siku nyingine ukibadilishiwa pedi simama pale, muombe fundi kwa heshima azichezeshe pini zote kwa mkono uone zinatembea, na akuoneshe pedi zote nne za zamani zikiwa zimepangwa, ya ndani na ya nje za kila tairi. Zikiwa na unene tofauti sana kuna jambo halijatibiwa.

Nimetaja diski kupimwa. Diski nayo inakwisha, na kiwango chake cha mwisho kimeandikwa kwenye diski yenyewe, tafuta maandishi ya MIN TH na namba mbele yake, huo ni unene wa chini kabisa kwa milimita. Ikishuka hapo haitibiki, ni kubadilisha, na ikiwa imekaribia sana usikubali ichongwe maana ukiichonga ndo unaivusha mpaka. Diski nyembamba inabeba joto kidogo, inapata moto haraka na inaweza kupasuka. Ukipitisha kidole kwenye diski iliyopoa (IMEPOA kweli, sio umetoka kuendesha) ukakuta ukingo umesimama pembeni, huo ndo ushahidi wa jinsi ilivyoliwa.

Mtetemo sasa. Ukikanyaga breki ukiwa kwenye mwendo na usukani ukatetemeka, angalia diski za mbele. Ukitetemeka mwili wa gari na kiti zaidi ya usukani, angalia nyuma. Watu wanasema diski imepinda, na mara nyingi kilichopo ni unene usio sawa, sehemu nene sehemu nyembamba kwa tofauti ndogo sana ambayo jicho halioni ila pedali inaisikia. Hiyo inaletwa na vitu kama kutu au uchafu uliobaki kati ya diski na habu (kile kitovu ambacho diski na tairi vinafungwa) wakati wa kufunga, au nati za tairi zilizokazwa kihuni, moja imekazwa mpaka mwisho ndo wanakwenda ya pili. Kwa hiyo unaweza ukanunua diski mpya ukazifunga juu ya kutu na mtetemo ukarudi baada ya muda. Brashi ya waya kwenye habu kabla ya kufunga diski ni kazi ya dakika chache, na inakuokoa hapo.

Kelele sio zote mbaya, niwatoe hofu. Gari ikilala kwenye mvua au umetoka kuiosha, asubuhi ukianza utasikia mkwaruzo mwepesi, ni kutu ya juu juu kwenye diski na inaisha ukifunga breki mara kadhaa. Kuna na kajiwe kanaweza kuingia kati ya diski na lile bati la kukinga vumbi, kanapiga kelele ya kutisha kweli unadhani gari inavunjika, kumbe ukilisukuma bati kidogo kanadondoka. Ila kelele inayorudi kila siku, inayobadilika ukikanyaga au ukiachia, hiyo fuatilia.

Twende kwenye mafuta ya breki, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kile kichupa cha mafuta kina alama mbili, MIN na MAX. Mafuta yakishuka taratibu kutoka MAX kwenda MIN kwa miezi mingi, mara nyingi ni pedi zinakwisha, pedi ikiwa nyembamba pistoni inatoka nje zaidi na mafuta yanajaza ile nafasi nyuma yake. Kwa hiyo mtu anayeongeza mafuta kila akiona yameshuka anajifichia taarifa muhimu, afu siku ya kuweka pedi mpya pistoni zinarudishwa ndani, mafuta yanapanda yanafurika na yanamwagikia rangi ya gari, na haya mafuta yanakula rangi kweli, yakimwagika mwagia maji mengi hapohapo. Ukiona yameshuka angalia pedi kwanza. Kama pedi bado nene basi kuna mahali yanavuja, chungulia ndani ya matairi kama pameloa, chungulia nyuma ya masta silinda inapokutana na busta, fuata mabomba. Na yakishuka haraka, yaani jana yalikuwa sawa leo yako chini, gari isitembee.

Jambo la pili kuhusu mafuta haya ni kwamba yanakunywa maji. Aina za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zimetengenezwa kwa glaikoli na zinavuta unyevu kutoka hewani kidogo kidogo, hata kupitia mpira wa hosi. Maji yakiingia kiwango cha kuchemka kinashuka. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanyonya maji ya asilimia 3.7 kiwango chake cha chini ni 140. DOT 4 inatoka 230 mpaka 155, na DOT 5.1 inatoka 260 mpaka 180. Sasa vuta picha unashuka mlima mrefu na mguu uko kwenye breki muda wote, diski zimewaka, joto linapita kwenye pedi linaingia kwenye pistoni na mafuta yanachemka ndani ya kalipa. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, unakanyaga pedali inakwenda mpaka chini na gari haisimami. Ukija kuiangalia baadaye imepoa, pedali imerudi vizuri kabisa na mtu anaapa breki zilikuwa nzima. Ndo maana viwanda vingi vya magari vinasema mafuta yabadilishwe kila miaka 2 hivi hata kama gari haitembei sana, na ndo maana mteremko unashukwa kwa gia ndogo injini ikisaidia kushikilia, breki unakanyaga kwa nguvu kiasi unapunguza mwendo kisha unaachia zipumue, usiulaze mguu pale juu.

Soma mfuniko wa kichupa, umeandikwa aina ya mafuta gari yako inataka. DOT 5 ni ya silikoni, isichanganywe na hizo nyingine, namba inafanana na 5.1 ila ni kitu tofauti kabisa. Na tafadhali, tafadhali sana, usiweke oili ya injini wala oili ya haidroliki ya usukani kwenye kile kichupa eti kwa dharura. Inavimbisha mipira yote, ya masta silinda, ya kalipa, hosi, na ikishafika huko ni kubadilisha mipira ya mfumo mzima. Kopo likishafunguliwa nalo usiliweke stoo mwaka mzima ukalitumia, limeshakunywa maji.

Sasa pedali, maana hapa ndo mguu unafanya kazi ya udaktari. Pedali ikiwa laini, inabonyea kama ina springi chini yake, hewa imeingia kwenye mfumo na inatakiwa kutolewa upepo, ila hewa haiingii yenyewe hivi hivi, imeingia kwa sababu kuna kitu kilifunguliwa au kinavuja, au mafuta yaliachwa yakaisha kwenye kichupa. Pedali ikiwa chini mara ya kwanza, ukiipampu mara ya pili inapanda juu, kwenye gari yenye dramu nyuma nitashuku viatu vimekwisha au havijarekebishwa, vina safari ndefu mpaka kuifikia dramu. Pedali ikiwa inashuka taratibu yenyewe wakati umesimama kwenye taa umeikanyaga tu kawaida, na huoni tone la mafuta popote nje, ni mipira ya ndani ya masta silinda inapitisha. Hii inawachanganya wengi kwa sababu ukikanyaga kwa nguvu na haraka inashika, ukikanyaga polepole inazama, na hakuna pedi duniani itakayotibu hiyo. Tena masta silinda za siku hizi zina vyumba viwili, kila kimoja kinalisha matairi mawili, na kwenye gari nyingi zinazovutwa na tairi za mbele wamegawa kimshazari, mbele kushoto na nyuma kulia. Kwa hiyo ukikanyaga ghafla ukakuta pedali imeshuka sana na gari inasimama kwa umbali mrefu, yawezekana chumba kimoja kimekufa na unaendeshea nusu iliyobaki.

Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na gari inasimama kwa shida, geukia busta. Busta inatumia mvuto wa hewa wa injini kuusaidia mguu, na kuipima huhitaji kifaa chochote: zima injini, pampu pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iache mguu umeikandamiza hapohapo, washa injini. Inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, busta yenyewe, au bomba lake la hewa, au ile vali ndogo ya njia moja kwenye bomba, mojawapo ina shida. Na hii ndo sababu kuzima injini gari ikiwa inateremka ni hatari, unapampu mara mbili tatu ule mvuto uliobaki unaisha na pedali inakuwa ngumu.

Kuna na ugonjwa wa breki kushika zenyewe. Gari inakuwa nzito, inakula mafuta, ukiachia kwenye tambarare haitembei vizuri, na ukisimama kuna harufu kali ya kuungua kutoka tairi moja. Sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, utalijua lenye moto kuliko wenzake. Hapo inaweza kuwa pini, inaweza kuwa pistoni yenye kutu, na inaweza kuwa hosi ya mpira imejifunga kwa ndani. Hosi inaweza kuonekana nzima nje ila ndani mpira umebanduka, mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda lakini hayarudi, kalipa inabaki imebana. Namna ya kutofautisha: tairi likiwa limeshika hivyo, fungua kidogo niple ya kutolea upepo kwenye kalipa, tairi likiachia basi mafuta yalikuwa yamefungiwa na hosi ndo mshukiwa wa kwanza, lisipoachia shida ni ya kalipa yenyewe. Hosi zichunguze pia kwa nje, ikunje kwa mkono, ukiona nyufa au kivimbe badilisha, na usiwahi kukubali kalipa ininginizwe kwenye hosi wakati wa kazi, ifungwe kwa waya.

Dramu za nyuma nitapita haraka. Zinasahaulika kwa sababu haziishi upesi, ila silinda zake ndogo zinavuja ndani na mafuta yanalowesha viatu, vikilowa havisafishiki, badilisha. Hendibreki ikivutwa juu sana ndo ishike, mara nyingi viatu vinahitaji kurekebishwa kwanza, watu wanakaza kebo tu na breki zinaanza kukwaruza safari nzima.

Taa za dashibodi: nyekundu ya breki maana yake hendibreki iko juu au mafuta yamefika chini, na ikiwa inawaka na kuzima ukikata kona, mafuta yako mpakani yanayumba. Ya njano ya ABS, yaani mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukifunga breki, ikiwaka peke yake breki za kawaida bado zipo ila tairi zinaweza kujifunga ukikanyaga ghafla. Zikiwaka zote mbili pamoja paki gari, mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa haupo tena. Na siku ABS ikifanya kazi utasikia pedali inapiga piga mguuni kwa fujo, wengi wanashtuka wanaachia. Usiachie, kandamiza moja kwa moja na endelea kuuelekeza usukani.

Wenye haibridi na za umeme msidhani hayawahusu. Mota inapunguza mwendo kwa kurudisha chaji kwa hiyo pedi zinadumu sana, ila kwa kutotumika huko diski zinashika kutu na pini zinakauka zikakwama, unaweza kukuta pedi nene kabisa kwenye kalipa iliyokufa. Hizi zifunguliwe kila mwaka zisafishwe na kupakwa grisi hata kama unaona pedi bado.

Ukifika kwenye matengenezo yenyewe, breki zinabadilishwa kwa ekseli, kulia na kushoto pamoja, kamwe sio upande mmoja. Gari ikae kwenye stendi imara, jeki peke yake haitoshi. Vumbi usilipulize kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo, pedi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto na hata zisizo nayo vumbi lake sio la kuvuta, lowesha kwa dawa ya kusafishia breki ufute. Grisi inakaa kwenye pini na sehemu bati la pedi linapoteleza, isiguse uso wa pedi wala diski. Na hii ni ya muhimu kuliko zote hapa: ukimaliza kuweka pedi, kabla hujaisogeza gari hata hatua moja, pampu pedali mpaka iwe juu na ngumu, kwa sababu pistoni zimerudishwa ndani kabisa na ukikanyaga mara ya kwanza utakuta hakuna breki. Watu wamegonga ukuta wa gereji kwa hilo. Angalia na kichupa cha mafuta kabla ya kutoka.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Tafuta barabara tupu, nenda kama 50 km kwa saa, punguza kwa nguvu ya wastani mpaka kama 10, ongeza tena, fanya hivyo kama mara 10 ukiacha nafasi zipoe kidogo katikati, na usisimame kabisa ukakandamiza pedali wakati diski ina moto maana pedi inaacha alama pale. Kilomita mia mbili za mwanzo endesha kwa ustaarabu, usifunge breki za ghafla kama hakuna ulazima. Nati za tairi zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa spana yenye kipimo ukiipata, na ukishatembea kama kilomita 50 mpaka 100 zirudie tena hasa kama rimu zako ni za aloi.